Cheti cha Afya na Ndoo ya Maji

Msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba, miji ya Masasi na Newala hujaa watu. Wakulima, wachukuzi wa maghala, madereva wa malori na makarani wa vyama vya msingi, wote hao lazima wale. Ndipo mama lishe wanapoongeza masufuria, na ndipo bwana afya anapopita mekoni akiuliza vyeti.

Swali lake ni la haki. Mpishi aweza kubeba vijidudu vya homa ya matumbo naye asiugue hata siku moja. Dunia ilijifunza jambo hilo kwa Mary Mallon, mpishi wa majumbani mjini New York, aliyetengwa kwa nguvu mwaka 1907 baada ya watu wa familia kadhaa alizozipikia kuugua. Aliachiliwa mwaka 1910 kwa ahadi ya kutopika tena. Akarudi jikoni kwa jina jingine, na mwaka 1915 akatengwa hadi kufa kwake mwaka 1938. Mwenyewe hakusadiki kamwe kwamba ana ugonjwa. Ndiyo maana mpishi wetu, hata akiwa buheri wa afya, hutakiwa kupimwa choo, na kupimwa tena baada ya muda.

Lakini cheti hueleza habari za mpishi siku aliyopimwa tu. Juu ya maji hakisemi neno. Msomaji wa Unguja aliyezoea kisima cha uani huenda asitambue uzito wa jambo hili. Uwanda wa juu wa Makonde, ilipo Newala, hauna mto. Mvua ikinyesha hudidimia mchangani. Mradi wa maji ulioanzishwa huko miaka ya 1950 huyasukuma maji kwa mitambo kutoka mabondeni, na mitambo ikisimama, ni maji ya mvua yaliyohifadhiwa au ndoo ya kununua. Masasi iko chini, magharibi ya uwanda, nayo huonja kiangazi chake. Na Oktoba ndio mwisho wa kiangazi: walaji wamezidi, maji yamepungua. Sahani za watu wengi huoshwa katika beseni moja, huku cheti chenye muhuri kimetundikwa ukutani.

Wenzetu wa Visiwani wanakumbuka Aprili 2016, kipindupindu kilipofanya shule zifungwe na uuzaji wa vyakula barabarani upigwe marufuku. Ugonjwa ule haungojei tarehe ya cheti kwisha.

Tena kupanga foleni hospitali ni siku nzima ya kutopika, na siku hiyo mtaji wa unga na maharage huliwa nyumbani. Hivyo hupimwa mama peke yake. Binti na shemeji wanaoshika mwiko hujificha nyuma ya karatasi yake. Hatuwalaumu sana.

Tunawaomba wakuu wa halmashauri wapeleke wapimaji sokoni mwezi Septemba, alfajiri, kabla moto haujawashwa, wapimwe wote wanaogusa chakula. Naye bwana afya, akiisha kusoma cheti, afunue pipa na kuuliza maji yametoka wapi na ya kunawa yako wapi. Na siku mitambo itakaposimama, boza la maji lipitie sokoni kwanza.