Kumfahamu Mhusika kabla ya Kumwandika: Mfano wa Mchimbaji wa Bambu

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuwagawa wahusika katika makundi mawili, bapa na duara, mgawanyo unaotokana na E. M. Forster katika Aspects of the Novel (1927). Mgawanyo huo humfaa msomaji aliyekwisha kuifunga riwaya. Mwandishi ambaye bado ana karatasi tupu haumsaidii sana, kwani haumwambii mhusika duara hupatikana kwa njia gani. Ndiyo sababu mafunzo ya utunzi hutumia mazoezi, yaani kurasa zinazoandikwa ili zitupwe, ambazo kazi yake ni kumzoesha mtunzi mtu anayetaka kumbuni.

Ichukuliwe kwamba mwanafunzi wa Bunia anataka kutunga hadithi fupi juu ya mchimbaji dhahabu wa Bambu, katika eneo la Djugu. Kinachomjia kwanza ni sura aliyoikuta tayari: kijana mwenye matope, pombe, na fedha zisizolala. Hiyo ni picha tu, mtu bado. Riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi (1979), inayohusu wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar, ni ushahidi wa kutosha kwamba mtu wa jasho anaweza kubeba kitabu kizima.

Zoezi la kuanzia ni kuorodhesha madeni ya mhusika. Mchimbaji mdogo kwa kawaida hana mshahara. Hugawana kilichopatikana na mwenye shimo, baada ya gharama za chakula na vifaa kukatwa. Mtunzi akijaza ukurasa kwa wanaomdai, yaani mama muuza maharage, mwenye pampu, na shemeji aliyemkopesha nauli, ataanza kuelewa kwa nini mtu huyo haondoki hata shimo linapojaa maji. Pombe huenda isihitajike tena.

Jina nalo lina historia. Dhahabu ya Kilo iligunduliwa mwaka 1903, na kampuni ya Kilo-Moto ikaundwa 1926. Babu wa mhusika anaweza kuwa kibarua wa kampuni hiyo. Baba yake, ikiwa alizaliwa baada ya serikali ya Mobutu kupiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972, pengine alikuwa na jina moja kwenye vyeti na jingine kanisani. Nani alimwita kwa lipi?

Zoezi lenye manufaa zaidi, hata hivyo, ni la usemi. Mhusika aombe jambo lile lile, tuseme kuongezewa muda wa kulipa deni, mara tatu: kwa mama mkwe, kwa karani ofisini, na kwa askari kizuizini. Kwa mama mkwe atazunguka kwa salamu na habari za watoto kabla ya kufika kwenye ombi, katika Kiswahili cha Bunia. Kwa karani atajikwaa katika Kifaransa. Kwa askari atajaribu Kilingala, lugha iliyozoeleka jeshini, na atapunguza maneno. Kiswahili sanifu kikiwekwa kinywani mwake mahali pote, mhusika hana mkwe wala askari. Ana mwalimu tu. Kosa la upande wa pili ni kumwagia Kifaransa kama chumvi, bila kujali anasema na nani.

Katika Ituri ni busara kuliacha suala la kabila hadi mwisho. Tangu vita vya 1999 hadi 2003, na machafuko yaliyozuka upya Djugu mwishoni mwa 2017, neno moja juu ya kabila hutosha msomaji kutoa hukumu kabla ya tendo lolote. Hapa tukio moja la ugomvi shimoni huandikwa mara mbili, matendo yakibaki yale yale, ila makabila ya wagomvi yakibadilishana. Ikiwa tendo lililoitwa wizi katika ukurasa wa kwanza limeitwa kujilipa katika wa pili, aliyefahamika hapo si mhusika bali mtunzi. Ukurasa huo hauna haja ya kuonyeshwa mtu.