Uthabiti na Usalama: Maelezo juu ya Kazi Mpya na Jina Lake

Isongole ni kata ya wilaya ya Rungwe, kando ya barabara itokayo Mbeya kwenda Tukuyu, na wengi wa watu wake hulima viazi. Zamani mkulima aliyeuza magunia yake alipokea noti mkononi. Tangu M-Pesa ilipoanza katika Tanzania mwaka 2008, mara nyingi hupokea ujumbe wa simu. Fedha yenyewe haimo ndani ya simu ile. Iliyomo ni njia tu ya kuifikia hesabu iliyoandikwa katika mitambo ya mbali, ambayo mkulima hajapata kuiona. Basi kwake hatari ni mbili: mwizi aweza kuingia katika hesabu, au mitambo yaweza kusimama siku ile ile anayotaka kununua mbolea. Yuko mhandisi ambaye kazi yake ni kuzizuia hatari zote mbili pamoja. Makala haya yakusudia kuieleza kazi hiyo, na kuitafutia jina la Kiswahili liifaalo.

Kazi ya kutunza uthabiti wa mitambo kwa namna hii ilianza katika kampuni ya Google mwaka 2003. Jina lake la Kiingereza likifasiriwa neno kwa neno, twapata “mhandisi mwandamizi wa uaminifu wa tovuti”. Tafsiri hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, tovuti ni kurasa zisomwazo katika mtandao, hali mhandisi huyu huangalia mtambo mzima: seva, hifadhi za data, nyaya na programu. Pili, uaminifu ni sifa ya mtu. Karani huitwa mwaminifu kwa kuwa angeweza kuiba, naye haibi. Mashine haina hiari hiyo. Mashine huwa thabiti, yaani hutenda leo kama ilivyotenda jana. Kwa hiyo neno “uthabiti” lafaa zaidi. Ama “mwandamizi” halina shida, kwani limekwisha zoeleka katika vyeo kama mhadhiri mwandamizi.

Uthabiti hupimwa. Hapana mtambo usiosimama kamwe, wala mhandisi hadai hivyo. Yeye huweka kiwango, tuseme asilimia 99.9 ya wakati wote. Mwezi wa siku 30 una dakika 43,200. Kwa hiyo kiwango hicho chauruhusu mtambo kusimama dakika 43 tu na kidogo. Muda huo twaweza kuuita “posho ya hitilafu”. Posho ikiwa ingalipo, mabadiliko mapya huruhusiwa. Ikiisha, husimamishwa mpaka mtambo utulie.

Usalama wa taarifa nao una nguzo tatu: usiri, yaani taarifa isisomwe na asiyehusika; ukamilifu, yaani isibadilishwe pasipo idhini; na upatikanaji, yaani mwenye haki aipate aihitajipo. Nguzo ya tatu ndipo zikutanapo kazi hizi mbili. Mlinzi afungaye mlango hata mwenye nyumba asiingie, hajailinda nyumba. Jambo hilo lilidhihirika tarehe 19 Julai 2024, programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike ilipopelekewa sasisho lenye kosa, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani zikaathirika. Hapana adui aliyeingia. Ulinzi wenyewe ndio uliozuia kazi. Kabla ya hapo, tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikadhoofika katika Tanzania na nchi nyingine za Afrika Mashariki.

Kwa ajili ya mambo kama hayo mhandisi hufuata kanuni chache. Sasisho la ulinzi hutiwa kwanza katika mashine chache, zikaangaliwa, ndipo likaenezwa. Funguo za siri hubadilishwa kabla ya muda wake kwisha. Nakala ya akiba haihesabiwi kuwa nakala mpaka imejaribiwa kurejeshwa. Usiku na mchana yuko mtu wa zamu. Na hitilafu ikitokea, mwandamizi huandika taarifa ya tukio, akiuliza ni nini kilichoruhusu kosa, wala si nani alaumiwe. Kwa maana aogopaye adhabu huficha, na kosa lililofichwa hurudi.

Kiingereza hutenga usalama wa kuepuka ajali na usalama wa kuepuka adui kwa maneno mawili. Kiswahili husema “usalama” kwa yote mawili, na wako waonao kuwa huo ni upungufu. Katika kazi hii ni faida, kwa kuwa fedha isiyopatikana kwa ajali na fedha iliyozuiwa na adui humwacha mkulima katika hali moja: mbolea haikununuliwa. Basi napendekeza “mhandisi mwandamizi wa uthabiti na usalama wa mitambo”. Jina hilo ni refu, lakini kila neno lililomo lajulikana, na mtu wa Isongole akiambiwa ataelewa ni nini anachotunziwa.