Ardhi ya Ukoo na Sheria: Mfano wa Shighatini



Sisi wenye mikarafuu twajua tangu zamani kwamba mti waweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwingine. Je, wenzetu wakulima wa Bara hushikaje mashamba yao? Sheria yao si yetu, kwani Zanzibar ina Sheria yake ya Ardhi Na. 12 ya mwaka 1992. Lakini yafaa tujue yao ilivyotungwa, maana raia waliulizwa kwanza.

Chukueni mfano wa Shighatini, huko Usangi katika milima ya Upare Kaskazini. Shamba la migomba na kahawa mtu hulipata kwa ukoo wake, toka babu hata mjukuu. Mipaka huijua wazee na majirani. Sheria ya Waingereza ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote chini ya Gavana. Mwaka 1928 ilirekebishwa ili imtambue mwenyeji anayeshika ardhi kwa mila, lakini haki yake ilibaki dhaifu mbele ya mwenye hati ya Serikali.

Wapare waijua thamani ya kuulizwa. Mwaka 1945 maelfu yao waliteremka hadi Same kuipinga kodi ya mbiru, ambayo kila mtu alikadiriwa kwa mali yake. Mwishowe kodi hiyo iliondolewa.

Mwezi wa Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya kuchunguza mambo ya ardhi Bara, mwenyekiti wake Profesa Issa Shivji. Tume ilifanya mikutano 277, wakahudhuria watu wapatao 83,000. Baada yake ikaja Sera ya Ardhi ya mwaka 1995, kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001.

Mkulima wa kijiji amepata nini humo?

Kwanza, haki ya kushika ardhi kwa mila ina nguvu sawa na ile ya hati ya Serikali. Akitaka, aweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa halmashauri ya kijiji chake.

Pili, mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya ardhi ni batili.

Tatu, halmashauri husimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, nayo haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji.

Lakini si yote yaliyokubaliwa. Tume ilishauri ardhi ya kijiji iwe mali ya mkutano mkuu wenyewe, isiwe chini ya Rais. Serikali haikulikubali hilo. Ardhi yote ilibaki ya umma, Rais akiwa mdhamini. Kwa hiyo mwenye shamba Shighatini ana haki ya kulitumia na kulirithisha, lakini neno la mwisho juu ya ardhi halikukabidhiwa kijiji.

Hapo pana funzo kwetu. Kuulizwa si kukubaliwa. Ukiitwa barazani juu ya ardhi, nenda, sema, na uhakikishe neno lako limeandikwa. Kisha, sheria itokapo, uliza lipi limechukuliwa, lipi limeachwa, na kwa sababu gani. Asiyeuliza hilo amefanya nusu ya kazi tu.