Kodi Inayokatwa Kwenye Mshahara Wako
Nchini Marekani, mwajiri hukata kodi ya mapato ya serikali ya shirikisho kila alipapo mshahara na kuiwasilisha kwa mamlaka ya kodi, IRS. Kiasi hutegemea mshahara wako na maelezo uliyojaza katika fomu W-4. Makato hayo ni malipo ya awali tu. Hesabu kamili hufanywa uwasilishapo ritani, kwa kawaida kufikia Aprili 15. Kilichozidi hurejeshwa, kilichopungua utakilipa, pengine pamoja na adhabu.

Mwenye kazi mbili ajihadhari: kila mwajiri hukata kana kwamba mshahara wake ndio pekee, hivyo makato huenda yasitoshe. Jaza hatua ya 2 ya fomu hiyo. Hali yako ikibadilika, mpe mwajiri fomu mpya.