Tanzania: Si kila pambo la keki lililo dukani huliwa

Keki ndogo zinazookwa ndani ya vikombe vya karatasi zimekuwa jambo la kawaida katika sherehe za mijini Afrika Mashariki, kuanzia siku ya kuzaliwa ya mtoto hadi Idi na hafla za kumaliza Kurani. Mwokaji wa nyumbani halazimiki tena kukesha akifinyanga maua ya sukari. Hununua mapambo yaliyokwisha kutengenezwa, akayaweka juu ya krimu, na kazi ikaisha. Kariakoo, jijini Dar es Salaam, ambako wafanyabiashara wa Burundi, Rwanda na mashariki mwa Kongo huenda kununua bidhaa za kila namna, ni mojawapo ya mahali yanapopatikana.

Tatizo ni kwamba dukani pakiti ya mapambo ya kuliwa na pakiti ya mapambo ya kutazamwa tu huweza kukaa bega kwa bega. Zote mbili zinang'aa, zote zina picha ya keki, na maandishi mara nyingi ni ya lugha ambayo mnunuzi haisomi. Mtoto naye hana habari ya lebo. Akipewa keki, kitu cha kwanza kutiwa mdomoni ni lile pambo.

Madhara yake yamekwisha kushuhudiwa. Mnamo Oktoba 2021, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilichapisha taarifa kuhusu matukio mawili. Katika jimbo la Rhode Island, mwaka 2018, watoto sita walishikwa na kutapika na kuhara baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyonunuliwa katika duka la mwokaji. Keki hiyo ilikuwa imepakwa tabaka nene la unga wa kumetameta wenye rangi ya dhahabu, na uchunguzi ukaonyesha kwamba unga huo ulikuwa na shaba nyingi. Katika jimbo la Missouri, mwaka uliofuata, mtoto wa mwaka mmoja alikutwa na madini ya risasi katika damu. Chanzo kilikuwa unga wa rangi uliotumika kupamba keki iliyookwa nyumbani kwa ajili ya siku yake ya kwanza ya kuzaliwa.

Asili ya mkanganyiko huu ni maneno mawili ya Kiingereza. Neno "edible", ambalo kwa Kifaransa ni "comestible", maana yake ni kitu kilichotengenezwa ili kiliwe. Neno "non-toxic" lina maana nyingine kabisa: kwamba kitu hicho hakitarajiwi kumdhuru mtu akikitumia kwa kazi yake ya kawaida, kama vile kupamba kadi. Unga mwingi wa kumetameta wa namna hiyo ni plastiki iliyokatwa vipande vidogo mno. Maneno "for decoration only" nayo yana maana hiyo hiyo: pambo liondolewe kabla ya keki kuliwa, na unga hauwezi kuondolewa.

Kinachofaa kutazamwa, basi, ni orodha ya viambato. Kanuni za jumla za lebo za vyakula vilivyofungashwa, ambazo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimeziweka katika kiwango cha pamoja, zinadai chakula kitaje viambato vyake, mtengenezaji na tarehe. Pakiti isiyosema ndani mna nini haina sababu ya kuhesabiwa kuwa chakula, hata muuzaji akiapa. Nchini Tanzania, jukumu la usalama wa chakula lilihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Nchini Kenya, bidhaa iliyoagizwa kutoka nje hubandikwa stika ya shirika la viwango la nchi hiyo, KEBS. Hata hivyo, bidhaa iliyofunguliwa na kugawanywa katika vifuko vidogo visivyo na maandishi huwa imeachana na ulinzi huo, na ni afadhali kuiacha ingawa bei yake inavutia.

Kwa familia za Waislamu wa Buyenzi au Nyamirambo, orodha hiyo ina kazi ya pili. Fondanti na vinyago laini huweza kuwa na jelatini, ambayo hutokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe au ya nguruwe, na lebo nyingi hazisemi ni mnyama gani. Rangi nyekundu yenye namba E120 hutolewa kwa wadudu. Mng'ao wa punje za sukari mara nyingine ni E904, utomvu wa wadudu vilevile. Kuhusu hizo mbili za mwisho wanazuoni hawana kauli moja, na kila mmoja atafuata mwongozo anaouamini. Lakini hawezi kuufuata asipojua amenunua nini. Weupe mkali wa mapambo huweza kutoka kwa E171, ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika vyakula mwaka 2022, ingawa kamati ya kimataifa ya wataalamu wa viongezi vya chakula iliiona mwaka uliofuata kuwa inakubalika.

Pambo likishathibitika kuwa chakula, kinachobaki ni kuelewa tabia yake, na tabia hizo hutofautiana sana. Karatasi ya waferi hutengenezwa kwa wanga wa viazi, maji na mafuta kidogo. Ni nyepesi, haina ladha ya kutajika, na adui yake ni maji: ikikaa juu ya krimu mbichi kwa saa nyingi hujikunja na kulegea. Hubandikwa kwa tone la asali au krimu, karibu na wakati wa kuandaa meza.

Karatasi ya sukari, ile inayochapwa picha kwa wino wa chakula, ni kinyume chake. Hii hupenda unyevu kidogo. Huwekwa wakati krimu ya siagi ingali laini, ikashikana nayo hadi ukingo wake usionekane. Juu ya krimu ya maziwa iliyopigwa, ambayo ina maji mengi, rangi hutiririka na picha ikaharibika. Ikiachwa nje ya mfuko wake hukauka na kupasuka. Mgongoni ina ngozi ya plastiki, ambayo ni lazima ibanduliwe. Waokaji wenye haraka huisahau. Anayechapa mwenyewe anahitaji printa ambayo haijawahi kutiwa wino wa ofisini.

Maua na vinyago vya sukari iliyokaushwa na ute wa yai hudumu miezi mingi katika chombo kikavu kilichofungwa. Watu wengi huvitia katika jokofu wakidhani wanavihifadhi. Vikitolewa, hewa ya nje hugeuka matone juu yake, sukari ikanata na rangi ikachuruzika. Keki yenyewe ipoe kabisa kwanza, ipakwe krimu, ikae katika ubaridi ikihitajika, na pambo liwe la mwisho. Kinyago kizito cha fondanti kingoje krimu iwe imeganda, la sivyo kitazama.

Hapa ndipo safari ya bidhaa inapohusika. Mapambo yanayotoka Dar es Salaam yamekaa katika joto na unyevunyevu wa pwani kabla ya kupakiwa kwenye lori kuelekea huku milimani. Kabla ya kulipa, tikisa pakiti: punje zilizo salama hucheza kila moja peke yake, zilizopata unyevu huwa bonge moja. Waferi iliyopinda ndani ya mfuko uliofungwa nayo imeharibikia njiani, na haitanyooka tena.

Punje ngumu za sukari zenye umbo la lulu zisiwekwe kwenye keki za watoto wadogo, kwani huweza kuwakwama kooni. Kadhalika, maua mengine ya sukari huuzwa yakiwa na waya au kijiti ndani yake, na katika keki inayomalizwa kwa matonge mawili waya huo hauonekani hadi umefika mdomoni.