Fahamu: Kutuma pesa nje ya nchi bila kunyonywa na benki

Uko Mathare, Nairobi, na mtoto wako anasoma Kampala. Ukienda benki, ada ya kutuma iliyobandikwa ukutani ni sehemu tu ya gharama. Benki ikituma kwa SWIFT, mtandao wa kimataifa wa benki, pesa huweza kupitia benki nyingine njiani, nayo ikakata chake. Kwa karo ndogo, makato hayo huuma kweli.

Ila mwizi mkubwa hujificha kwenye kiwango cha ubadilishaji. Ukituma shilingi 10,000 kwa kiwango kilicho chini ya soko kwa asilimia 3, umepoteza 300, hata kama bango limeandikwa "bila ada". Basi uliza swali moja tu: mtoto atapokea shilingi ngapi za Uganda mkononi? Uliza sehemu mbili tatu, siku hiyo hiyo, kisha linganisha.

Kuna M-Pesa Global, inayofikisha pesa kwenye simu ya Uganda au Tanzania. Ukivuka Juja Road kuingia Eastleigh, kuna mawakala wa hawala, yaani kampuni za kutuma pesa, kama Dahabshiil, waliozoeleka zaidi kwa pesa za Somalia. Mwezi Aprili 2015, baada ya shambulio la kigaidi katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ya Kenya ilifunga kampuni 13 za aina hiyo kwa muda, na familia nyingi zikakwama.

Kabla ya kutoa hata senti, hakikisha kampuni ina leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na udai risiti.