Usimwache Mwenye Kifafa Motoni

Katika milima ya Umatengo, Litembo ikiwamo, baridi huwakusanya jamaa kuzunguka moto wa mafiga. Moto huo ni hatari kubwa kwa mwenye kifafa. Huangukia humo, na walio karibu husita kumvuta kwa kuogopa povu la kinywani mwake. Povu hilo haliambukizi kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Dakta Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge. Aliwapa wagonjwa fenobabitoni, dawa isiyo ghali, na akasikiliza masimulizi ya jamaa zao. Ndivyo zilivyojulikana habari za watoto wanaosinzia kichwa: kichwa huinama mara kwa mara, hata wakati wa kula. Miaka mingi baadaye watafiti waliuhusisha ugonjwa huo na usubi, unaoenezwa na inzi wadogo wa kandokando ya mito iendayo kasi. Usubi umo hata mkoani Ruvuma. Dawa yake igawiwapo, imezwe.

Basi, ndugu msomaji, mwenzako akianguka, mwondoe penye moto, mlaze kwa ubavu, wala usimtie kitu kinywani. Akizidi dakika 5, apelekwe hospitali upesi. Kwa watu wa Litembo iko papo hapo. Afuatane naye aliyemwona akianguka, maana mgonjwa mwenyewe hakumbuki, na daktari huyategemea sana maelezo hayo. Vidonge navyo visiachwe ghafla, hata ikipita miezi bila kuanguka.